Kutafsiri karatasi za kauri ya meno kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza bila kupasua taji

Unga wa kauri ya meno na tanuri za kuuchomea hutoka sana kwenye miji inayoandika Kijerumani. VITA wako Bad Säckingen, Ujerumani. Ivoclar wako Schaan, Liechtenstein. Pakiti mpya kwa kawaida huja na Kiingereza ndani. Shida huanza pale tanuri ni ya mtumba na kitabu chake ni cha Kijerumani peke yake, au aloi imeletwa na mtu kwenye sanduku la safari bila karatasi nyingine. Hapo fundi wa Wandegeya au Mbarara hutoa simu, hupiga picha ukurasa, na programu humwambia atoe mionzi kwenye jukwaa la ujenzi. Karatasi ilikuwa imesema "Gerüst abstrahlen": piga kiunzi cha taji kwa mchanga. Taji ni kofia ya kufunika jino, na kiunzi ni umbo la ndani linaloibeba kauri yake.

Mwongozo huu unawafaa watu wa aina mbili: aliyesoma Kijerumani Makerere au Goethe-Zentrum Kampala lakini hajawahi kushika taji, na fundi anayeijua kazi lakini Kijerumani hakijui. Wakikaa meza moja, kazi ya siku nzima huisha kwa saa chache. Tunatafsiri kwenda Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya mafunzo na ya makaratasi hapa Uganda. Kiswahili kitakuja mwishoni, kwenye karatasi ya ukutani.

1. Kabla ya neno la kwanza

Nenda ukurasa wa mwisho, kona ya chini. Ukiona "Stand 03.19", hilo ni toleo la Machi 2019, kwa Kiingereza andika "as of" au "issued". Kisha tafuta "Art.-Nr." au REF, yaani namba ya bidhaa, na "Chargen-Nr.", ambayo kwa Kiingereza ni "batch number" au LOT. Ukiwa na namba hizo, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji karatasi hiyohiyo kwa Kiingereza. Ikiwepo na toleo ni lilelile, kazi imeisha: ichapishe, usitafsiri. Ikiwa toleo ni tofauti, itumie kujifunzia maneno tu. Usichukue humo hata nyuzijoto moja, kwa sababu watengenezaji hubadilisha majedwali ya uchomaji toleo hadi toleo.

Jambo la pili ni kujua kama karatasi ni ya meno au ya vyombo. Lugha ya kauri ya meno ya Kijerumani ilirithi maneno mengi ya wafinyanzi, halafu ikayapa kazi mpya. "Muffel" kwa mchoma vyombo ni chumba cha tanuri kinachozuia moto usiguse vyombo, "muffle". Kwa fundi wa meno anayebonyeza kauri kwa joto ni silinda ya plasta ngumu inayolizunguka umbo la nta, "investment ring". "Farbe" kwenye sahani ni rangi ya kuchorea. Kwenye jino ni "shade", ile A2 au B3 ambayo daktari ameandika kwenye fomu. Ukikosea uwanja, kila sentensi itasomeka vizuri na yote itakuwa uongo.

2. Neno refu lisome kutoka nyuma

Kijerumani hubandika majina pamoja, na jina la mwisho ndilo kichwa. "Aufbrennlegierung": mwisho ni Legierung, aloi, mbele ni kuchomea juu. Basi ni aloi inayochomewa kauri juu yake, "metal-ceramic alloy". "Verblendkeramik" ni kauri ya kufunika kiunzi, "veneering ceramic". "Präparationsgrenze" ni mpaka wa sehemu ya jino iliyochongwa, "preparation margin". Andika vipande vyake pembeni kwa penseli kabla ya kufungua kamusi yoyote.

Vichwa viwili husumbua kuliko vyote. Cha kwanza ni "Masse". Si "mass". Ni unga au udongo uliokwisha kuchanganywa kwa kazi fulani: "Dentinmasse" ni "dentine porcelain", "Schultermasse" ni "margin porcelain", "Einbettmasse" ni "investment material" ya kuzungushia nta kabla ya kumwaga chuma. Kwenye kiwanda cha vyombo Masse ni "body", udongo wenyewe.

Cha pili ni "Schmelz". Kitenzi chake ni kuyeyuka, na ndiyo maana programu za simu huandika "melting mass" panapotakiwa "enamel porcelain". Schmelz kwenye jino ni enameli, gamba gumu la nje. Kwa bahati mbaya karatasi hiyohiyo inaweza kutaja "Schmelzintervall" ya aloi, na hapo kweli ni kuyeyuka: "melting range". Tazama jirani yake. Ikiwa jirani ni chuma, kitu kinayeyuka. Ikiwa jirani ni dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, au ncha ya jino, ni enameli.

Orodha fupi ya mengine yanayorudi kila karatasi: "Gerüst" ni "framework", "Käppchen" ni "coping", "Stumpf" ni "die" likiwa la plasta na "prepared tooth" likiwa mdomoni, "Pfeiler" ni "abutment", "Brückenglied" ni "pontic", "Hohlkehle" ni "chamfer", "Stufe" ni "shoulder", "Sprung" ni ufa, "crack", wala si kuruka.

3. Panga michomo kwa mfuatano wa kazi

Usipange maneno ya "Brand", yaani mchomo, kwa alfabeti. Yapange jinsi taji linavyoingia na kutoka kwenye tanuri, ndipo kosa litajionyesha lenyewe. Kwa taji la chuma na kauri mfuatano ni huu: "Oxidbrand", "oxidation firing", chuma kitupu, "Washbrand", "wash firing", tabaka jembamba la kwanza la opeki (kauri isiyopitisha mwanga, ya kuficha chuma), "Opakerbrand", "opaque firing", "Schulterbrand", "margin firing", kama taji lina ukingo wa kauri, "1. Dentinbrand" na "2. Dentinbrand", "Malfarbenbrand", "stain firing", "Glanzbrand", "glaze firing", na "Korrekturbrand", "add-on firing", ikibidi kuongeza kidogo baada ya daktari kujaribisha.

Kwenye Glanzbrand angalia kama sentensi inataja "Glasurmasse". Ikitaja, fundi anapaka glezi kabla ya kuchoma. Isipotaja, uso wa kauri unang'aa wenyewe kwa joto, na tafsiri salama ni "self-glaze firing". Ukichanganya hizi mbili, fundi atapaka kitu kisichotakiwa au ataacha kupaka kinachotakiwa.

Baada ya kupanga, soma safu ya joto kutoka juu kwenda chini. Kwa kawaida joto la Korrekturbrand liko chini ya la dentini, na dentini ya pili haizidi ya kwanza. Korrekturbrand ikionekana na joto kubwa kuliko Opakerbrand, umeruka mstari ulipokuwa unanakili.

4. Jedwali la uchomaji: hapa ndipo pesa hupotea

Tuchukue mstari mmoja wa dentini kama unavyoweza kuukuta:

Vt. 500 °C | 6.00 | 6.55 | 55 °C/min | ca. 880 °C | 1.00 | VAK 6.55

"Vt." ni "Vortrocknung", kukausha kabla: tanuri inakaa nyuzi 500 wazi au nusu wazi kwa dakika 6, maji ya unga yatoke polepole. Kwa Kiingereza "predrying". Mtu akiifupisha ili amalize haraka, maji huchemka ndani ya unga na kipande hubanduka au hububujika. Inayofuata ni muda wa kupanda, kisha "Steigrate" au "Aufheizrate", "heating rate", nyuzi 55 kwa dakika. "Endtemperatur" 880 ni "final temperature". "Haltezeit" ni "holding time", dakika moja. VAK ni muda ambao pampu inavuta hewa.

Sasa ile 6.55. Mtafsiri asiyepiga hesabu ataandika dakika 6 na nusu na kitu. Piga hesabu: kutoka 500 hadi 880 ni nyuzi 380. Gawanya kwa 55, unapata dakika 6.909, yaani dakika 6 na sekunde 55. Nukta hapa inatenganisha dakika na sekunde. Andika 6:55 kwenye tafsiri. Fanya hesabu hii kwa kila mstari wa jedwali. Mstari usiokubali hesabu ama umenakiliwa vibaya ama wewe umeelewa safu vibaya, na utalijua hilo ukiwa mezani kabla tanuri haijawashwa.

Nukta na mkato vina kazi nyingine pia. Kijerumani huandika 14,1 pale Kiingereza kinapoandika 14.1, na 1.050 °C pale sisi tunapoandika 1050 °C. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na matumizi yote matatu. Hatari kubwa iko kwenye zirkonia, kauri ngumu inayotumika kuwa kiunzi badala ya chuma: kiunzi chake huchongwa kikiwa kikubwa kwa sababu hunywea kwa takriban asilimia 20 hadi 25 kwa urefu kinapochomwa, na kila bloku ina "Vergrößerungsfaktor", "enlargement factor", mfano 1,2346. Ukiiingiza kwenye programu inayotaka nukta huku umeweka mkato, programu inaweza kukataa au kusoma 1 tu. Taji litatoka dogo, na hakuna namna ya kulikuza tena.

Vifupisho vya pembeni visiachwe. "ca." ni takriban, ukiifuta unageuza pendekezo kuwa amri. "mind." ni "mindestens", angalau, haina uhusiano na dakika. "ggf." ni ikibidi. "o. Vak." ni bila vakyumu, "m. Vak." ni pamoja nayo, herufi moja inabadilisha mchomo wote. "NEM" na "EMF" zote ni aloi zisizo za madini ya thamani, "base metal" au "non-precious". Usiziache kama zilivyo, kwa sababu msomaji wa Kiingereza hazijui.

5. WAK

"Wärmeausdehnungskoeffizient" ni kipimo cha jinsi kitu kinavyotanuka kwa joto. Kiingereza hutumia CTE, kwa hiyo WAK lazima igeuke CTE kila mahali, hata ndani ya picha. Huandikwa hivi: WAK (25–500 °C) 14,1 · 10⁻⁶ · K⁻¹. Mabano ya nyuzijoto ni sehemu ya kipimo. Aloi iliyopimwa 25–500 na nyingine iliyopimwa 25–600 hazilinganishwi moja kwa moja, na mtafsiri anayeyafuta mabano ili ukurasa upendeze anampa fundi namba isiyo na maana.

Fundi anahitaji namba hii kuoanisha kauri na kiunzi. Kauri inatakiwa iwe na WAK ndogo kidogo kuliko chuma. Taji linapopoa, chuma hunywea zaidi na kuikaza kauri kutoka ndani. Kauri huvumilia sana kubanwa, lakini ikivutwa hupasuka. Ikiwa kauri ndiyo yenye WAK kubwa, inavutwa. Nyufa hutokea tanurini au, mbaya zaidi, siku kadhaa baadaye taji likiwa tayari mdomoni. Karatasi za Kijerumani huziita "Spätsprünge", "delayed cracks". Tofauti ikizidi upande wa pili, vipande hubanduka ukingoni.

Kwa makadirio, aloi za kuchomea kauri ziko karibu na 14, na unga wake karibu na 13. Zirkonia iko karibu na 10.5, na unga wake karibu na 9. Sasa unaona kwa nini neno "Zirkon" lisiachwe lipite. Wajerumani wenyewe huliandika kivivu wakimaanisha "Zirkonoxid", na hiyo kwa Kiingereza ni "zirconia". "Zircon" ni madini mengine, na "zirconium" ni metali. Unga wa kauri uliokusudiwa chuma ukichomewa juu ya zirkonia kwa sababu ya neno lililotafsiriwa ovyo, hakuna tanuri itakayouokoa.

Ukikuta "Langzeitabkühlung", ni kupoza polepole, "slow cooling". Baadhi ya watengenezaji huitaka kwa aloi zenye WAK kubwa na kwa zirkonia. Isiishie kuwa "long-term cooling" inayomwacha fundi akijiuliza kama aache taji humo hadi kesho; andika pia nyuzi na dakika zilizotajwa.

6. Vitenzi vinavyodanganya

"Darf nicht" ni marufuku, "must not". "Muss nicht" ni hailazimu, "need not". Yanafanana kwa mtu aliyezoea Kiingereza, na ndiyo sababu sentensi kama "Der Oxidbrand muss nicht durchgeführt werden" hugeuka kuwa katazo. Inasema tu kwamba kwa aloi hiyo mchomo wa oksidi si lazima. "Kann entfallen" ina maana hiyohiyo.

"Isolieren" kwenye modeli ya plasta ni kupaka dawa ya kuzuia kauri isigande, "apply separator". Haihusu umeme wala joto. "Separieren" ndiyo inayofanana na "separate", lakini kwenye daraja la meno ni kukata kwa wembe kati ya jino na jino kabla ya mchomo wa kwanza, mara nyingi hadi kwenye opeki, ili unga unywee kila jino peke yake. "Absaugen" wakati wa kujenga unga ni kunyonya maji kwa tishu, "blot". Kwenye sehemu ya usalama ni kuvuta vumbi kwa mashine, "extraction". "Riffeln" ni kuukwaruza mpini wenye meno ili mtetemo ushindilie unga: "condense by vibration". "Abdampfen" ni kusafisha kwa mvuke.

Kwenye "abstrahlen" chukua namba zote: aina ya mchanga, ukubwa wa chembe, shinikizo. "Al₂O₃ 110 µm, 2 bar" isigeuke "sandblast gently". Neno "Einwegstrahlmittel" likiwepo, mchanga ni wa kutumia mara moja. Mchanga uliorudiwa hubeba uchafu unaotoa mapovu chini ya opeki.

Kuna neno moja ambalo kosa lake linaumiza mtu badala ya taji: "Flusssäure". Ni "hydrofluoric acid", asidi inayopenya ngozi hadi kwenye mfupa. "Flussmittel" ni "flux" ya kulehemu. Maneno yanakaa karibu kwenye kamusi. Yasikae karibu kwenye tafsiri yako. Panapotajwa "ätzen", kukwaruza uso wa kauri kwa asidi, "etch", kuandika mkolezo na sekunde ni lazima: kwa lithiamu disilikati, aina ya kauri ya kioo, jeli ya chini ya asilimia 5 kwa sekunde 20 ndicho kiwango kinachojulikana sana, na kuzidisha muda hudhoofisha kauri.

7. Vakyumu na mwinuko wa Kampala

Kitabu cha tanuri kitasema pampu ifikie "Unterdruck" fulani, labda zaidi ya 900 mbar. Hiyo ni tofauti na hewa ya nje, "negative pressure". Ikisema "Restdruck" au "Absolutdruck" 50 mbar, ni hewa iliyobaki ndani, "residual" au "absolute pressure". Usitumie "vacuum" kwa zote.

Kampala iko takriban mita 1200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina karibu 880 mbar badala ya 1013. Pampu nzima kabisa haiwezi kuonyesha Unterdruck ya 900 hapa; hewa yenyewe haifiki huko. Kabale ni juu zaidi. Mtafsiri akiacha "mind. 920 mbar" bila maelezo, fundi atanunua pampu mpya bure. Tafuta kwenye kitabu "Meereshöhe" au "ü. NN", urefu juu ya bahari: baadhi ya tanuri zina mahali pa kuingiza mwinuko. Pampu ikiwa kweli imechoka, dentini hutoka na ukungu wa kijivu wenye vitundu vidogo.

Ukiwa kwenye kitabu hichohicho, tafsiri kwanza sehemu ya "Stromausfall". Umeme ukikatika katikati ya mchomo, fundi anahitaji kujua kama programu itaendelea yenyewe au itafuta, na jenereta haimsubiri amalize kusoma.

8. Ikiwa karatasi ni ya vyombo

Huenda mteja wako si maabara bali mfinyanzi aliyesoma shule ya sanaa ya Margaret Trowell, au mtu wa vigae Kajjansi. Mambo matatu yatamkinga. "Steingut" si "stoneware". Ni "earthenware" nyeupe yenye vinyweleo, na "stoneware" ni "Steinzeug". "Der Scherben" si kigae kilichovunjika. Ni "body", mwili wa chombo, ilhali "die Scherbe" ndicho kipande kilichovunjika. Na "Glühbrand" ya porseleni ngumu, "biscuit firing", ni ya chini, takriban nyuzi 900 hadi 1000, kisha "Glattbrand", "glost firing", hupanda hadi karibu 1400. Kwa "bone china" ya Waingereza ni kinyume: mchomo wa kwanza ndio mkali. Msomaji aliyezoea vitabu vya Uingereza atageuza joto usipomwandikia namba.

9. Jaribu kabla ya kukabidhi

Weka lahajedwali yenye safu nne: Kijerumani, Kiingereza, hatua ya kazi, na ulikolitoa neno. ISO 1942 ndiyo msamiati wa kimataifa wa tiba ya meno, na istilahi zake husomeka bure kwenye jukwaa la ISO la mtandaoni. Kwa vipimo vya nguvu, "Biegefestigkeit" ni "flexural strength". Kauri ya meno hupimwa kwa ISO 6872, na mshikamano wa kauri na chuma kwa ISO 9693, ambayo hutaka zaidi ya MPa 25.

Kisha mwombe fundi achome kidonge cha dentini kwa tafsiri yako, bila taji. Hii kwa Kijerumani ni "Brennprobe". Kikitoka kama chaki, joto ni dogo. Kikitoka kama kioo na kingo zimeyeyuka, limezidi. Kikiangaza huku kingo bado ni kali, jedwali limekubali. Kikikosea na hesabu zako ni sahihi, shuku tanuri: "Silberprobe" ni waya wa fedha unaoyeyuka kwenye nyuzi 961.8, na tanuri ya mtumba inaweza kupotoka nyuzi 20 au zaidi bila skrini kusema chochote.

Karatasi ya ukutani iwe ya Kiswahili kwa maelezo, Kiingereza kwa majina ya unga, na safu ya Kijerumani ibaki pembeni kama ilivyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu chupa ndiyo anayoishika fundi. Chini yake andika Stand, namba ya bidhaa, na majina ya mtafsiri na fundi aliyechoma jaribio. Chupa mpya ikija na Stand nyingine, karatasi hiyo itoke ukutani siku hiyohiyo.